Puya ya milimani: yanayosemwa Nairobi na ukweli wake

Puya alpestris ni mmea wa ukoo mmoja na nanasi, na kwao ni miteremko yenye mawe ya Chile. Majani yake ni marefu, membamba, ya kijani cha kijivu, na kingo zake zina miiba iliyopinda. Maua ndiyo yanayowatia watu wazimu: samawati iliyochanganyika na kijani, yenye mng'ao wa chuma, na chavua ya rangi ya chungwa katikati. Ncha za matawi ya shina la maua hazizai ua lolote. Zimebaki wazi ili ndege atue hapo anapokunywa nekta.

Mmea huu unaweza kustawi Nairobi. Unaouua ni ukarimu wetu.

"Mama, hii unaijaza maji hapo katikati, basi." Ndivyo wauza miche wengi wanavyokuambia ukinunua bromelia, yaani mmea wowote wa ukoo huu wa nanasi, na kwa zile za majani mapana laini ni kweli. Nyingi kati ya hizo kwao huishi juu ya miti; mizizi kazi yake kubwa ni kushikilia, na maji hukaa katika shada la majani. Puya huishi ardhini na hunywa kwa mizizi. Ukiijaza maji katikati, halafu ije ile baridi ya Juni hadi Agosti ambapo jua linaweza kupotea siku nzima, moyo wa mmea huoza. Kwa nje utaonekana mzima. Shika jani la katikati ulivute: likichomoka lote, kitako kikiwa kimelainika na kunuka, shada hilo limekwisha. Mwagilia udongo, usubiri ukauke, ndipo umwagilie tena.

Wengine husema kwamba kwa kuwa ni wa milimani, unataka kivuli na ubaridi. Huko kwao jua huuchoma bila kizuizi, na kiangazi hakina mvua. Uweke mahali penye jua kutwa. Nairobi, ikiwa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, haina joto la kuutesa, na baridi yetu haifiki hata ile ya barafu kidogo ambayo mmea huu huvumilia. Hatari ni masika na vuli, maji yakituama. Udongo mweusi wa Embakasi au Kitengela hushika maji mno. Inua tuta, au tumia chungu chenye matundu makubwa. Mimi ningechanganya nusu udongo mwekundu, nusu mchanga wa mto na kokoto ndogo. Samadi iache kwa sukuma wiki.

Kuna pia wanaodhani puya ndiyo ile mimea mirefu wanayoikuta wakipanda Mlima Kenya. Ile ni lobelia, ukoo mwingine kabisa. Zinafanana kwa sababu milima ya juu ya Afrika Mashariki na ya Amerika Kusini ilizipa shida zinazofanana. Bromelia zote asili yake ni mabara ya Amerika, isipokuwa moja tu, Pitcairnia feliciana, inayoota Guinea.

"Ikichanua tu, inakufa." Hiyo ni habari ya Puya raimondii ya Peru na Bolivia, ambayo huchukua miongo mingi, hutoa shina la maua la mita 10 hivi, kisha hufa. Kwa alpestris hufa shada lililochanua tu. Machipukizi ya pembeni huendelea. Kwa hiyo usiing'oe.

Na kwamba puya hula kondoo? Uvumi huo ulienea sana mwaka 2013, Puya chilensis ilipochanua katika bustani ya Wisley, Uingereza. Miiba inaweza kunasa sufu, naam, lakini mmea hauna kiungo chochote cha kusaga nyama. Vaa glavu za ngozi, na usiupande kando ya njia wanayochezea watoto.

La mwisho ni mbegu. Kuagiza kutoka nje bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, ni kosa, hata kama bahasha ni ndogo. Ukizipata kihalali, usizifukie: zinahitaji mwanga ili ziote. Zitandaze juu ya mchanga wenye unyevu, funika trei kwa plastiki angavu, na miche ikishatoka anza kuifunua kidogo kidogo. Maua utayangoja miaka kadhaa.