Je, wajua kwa nini kano ya bega iliyo nzima huweza kuonekana imechanika?

Mtu anayeshindwa kuinua mkono ili achane nywele au aanike nguo, na ambaye usiku hawezi kulalia upande mmoja kwa maumivu, mara nyingi hupigwa eksirei na kuambiwa kwamba mifupa yake ni mizima. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijagusa kiini, kwa kuwa eksirei haionyeshi kano, yaani tishu ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Bega hushikiliwa na kano za misuli minne, na inayochanika zaidi ni ile ipitayo juu, kati ya kichwa cha mfupa wa mkono na ncha ya bapa la bega iliyoifunika kama dari.

Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu, huionyesha vizuri, ila ni ghali na si rahisi kuihamisha. Ndiyo maana wabunifu wengi wa vifaa vya uchunguzi hugeukia ultrasaundi, yaani picha zinazochorwa kwa mwangwi wa mawimbi ya sauti. Kano hiyo iko sentimita chache tu chini ya ngozi, hivyo kifaa huweza kutumia mawimbi ya takribani megahezi 12, yaani mitetemo milioni 12 kwa sekunde, ambayo urefu wake mwilini ni kama milimita 0.13. Hayapenyi mbali, lakini huchora vitu vidogo kwa uwazi.

Ugumu wenyewe uko kwenye pembe. Nyuzinyuzi za kano zimelala sambamba na hurudisha sauti kama kioo kinavyorudisha mwanga: wimbi likizipiga wima, mwangwi hurejea kwenye kifaa na kano huonekana nyeupe, likija mshazari, hata kwa digrii chache, mwangwi huenda kando na mahali hapo huwa peusi. Mchaniko nao huonekana mweusi vivyo hivyo. Tena kano hii hupinda inapoteremka juu ya mfupa wa mviringo, na sehemu inayopinda, karibu na inaposhikana na mfupa, ndipo michaniko mingi huanzia.

Kwa hiyo mbunifu hupanga vipande vingi vidogo vya fuwele kwenye kichwa cha kifaa, akavitetemesha kwa kupishana muda mfupi mno, ili wimbi lielekee kushoto au kulia bila mkono wa mpimaji kusogea. Kisha picha za pembe mbalimbali huunganishwa. Weusi wa uongo hufifia, mchaniko wa kweli hubaki. Mgonjwa naye huweka kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kwani mkao huo huivuta kano itoke chini ya ile dari ya mfupa ambayo sauti haiipenyi.

Hata hivyo, naamini kifaa kinachoishia kwenye picha hakijakamilika, kwa sababu wazee wengi wana kano zilizochanika na hawasikii maumivu yoyote. Kipimo cha nguvu ya mkono unaoinuliwa kinapaswa kuambatana na picha, na mabega yote mawili yalinganishwe, tena kwa uangalifu, maana bega linalodhaniwa zima nalo laweza kuwa na mchaniko usiouma.