Bima ya afya ya lazima maana yake nini?

Chukua kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwako. Kila mwezi mnachanga, aliyefiwa na asiyefiwa. Siku katibu akikubali mtu ajiunge msiba ukiwa umeshamfika, alipe ada ya mwezi mmoja na kubeba rambirambi nzima, nani tena atachanga mapema? Mfuko hautamaliza mwaka.

Bima ya afya ya hiari hufa hivyo hivyo. Wazima hukaa pembeni, wanaoumwa ndio hujiunga, na kila mchango ukipandishwa, wazima wachache waliokuwamo nao hutoka. Tanzania tuliyaona haya kwenye Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka. Wengi walimkatia mtoto kadi akiwa tayari mgonjwa, na mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Siwalaumu wazazi. Mama aliyeambiwa leo kwamba mwanawe ana tundu kwenye moyo, kesho asubuhi atakuwa dirishani anaulizia kadi, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Kasoro ilikuwa kwenye mpango.

Bima ya lazima huziba mwanya huo: kila mtu achangie kabla hajaugua, na asiye na uwezo achangiwe na serikali. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria ya namna hiyo Aprili 2006, chini ya gavana Mitt Romney. Mtu mzima anayeimudu bima na hana, hutozwa faini anapojaza hesabu za kodi. Ndani ya miaka michache, wasio na bima walishuka chini ya asilimia 5.

Gharama, hata hivyo, ziliendelea kupanda. Sheria ile iligusa nani analipa, haikugusa hospitali inatoza kiasi gani, na mwaka 2012 jimbo likalazimika kutunga nyingine ya kuweka lengo la ukuaji wa matumizi ya afya. Kwa hiyo anayekuambia "lazima" peke yake itashusha bei ya matibabu, anachanganya mambo mawili.

Kwetu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ina mtihani mwingine kabla ya huo. Mwalimu hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri wake anaongeza 3. Mama lishe hana mshahara wa kukatwa. Mchango wake lazima utoke mkononi, siku ambayo unga na mkaa navyo vinadai.