Unaanza kutengeneza muziki na hela ni ndogo? Anza na chumba

Meseji ninayoipata sana kutoka kwa machalii wanaoanza ni hii: "kaka, maiki gani kali kwa bei ya chini?" Na mimi huwa nauliza kwanza, utarekodia wapi? Maana mageto mengi ya huku kwetu Arusha, iwe Ngarenaro, Kijenge ama Sakina, ni ukuta wa tofali, chini simenti au tailizi, juu bati, yani kila kitu kigumu, sauti ikitoka mdomoni inagonga ukuta inarudi kwenye maiki tena na tena, ukija kusikiliza vokali iko kama ya mtu anayeimba bafuni. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi kuutoa ni kazi kwelikweli, na maiki ya gharama ndo itaudaka vizuri zaidi.

Kwa hiyo hela ya kwanza peleka mitumbani. Tafuta maduveti au mablanketi mazito (Arusha tuna baridi la mwezi wa sita na wa saba so hayo hayakosekani, na kama uko Moshi nenda soko la mitumba la Memorial). Shuka la kimasai ni jepesi mno kwa hii kazi, na trei za mayai achana nazo kabisa, zinajaza ukuta tu. Wengi wanatundika blanketi nyuma ya maiki wanaishia hapo, wakati maiki nyingi za vokali zinasikia upande wa mbele, na mbele yake upo wewe na ukuta ulio mgongoni kwako, so blanketi la kwanza linakaa nyuma yako, halafu ya pembeni. Liachie nafasi kidogo lisigusane na ukuta, hapo linameza sauti zaidi. Ila besi haizuiliki na blanketi, kwa hiyo maamuzi ya besi usiyafanye kwa spika za getoni peke yake, hakikisha na hedifoni.

Nasisitiza vokali kwa sababu huu ni mji wa marapa kama X Plastaz na Joh Makini, huku mtu anasikiliza mistari, na biti kali haiokoi mistari isiyosikika.

Maiki sasa. Kondensa, aina ya maiki nyeti, kwa kawaida inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi (kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta) na inasikia kila kitu, boda inayopita, jogoo, redio ya jirani. Kwa geto mimi nashauri dainamiki, aina isiyo nyeti sana, unaisogelea karibu na yenyewe haihangaiki sana na ya mbali. Shure SM58 ipo tangu 1966 na bado inafanya kazi kwenye majukwaa, ila za feki zimejaa mno, nunua kwa mtu atakayekuruhusu ujaribu kwanza. Masika bati likianza kupiga kelele hakuna maiki itakayokusaidia, wewe siku hiyo tengeneza biti, vokali subiri mvua ikate.

Programu wala zisikuumize kichwa. Simu tu, BandLab ni bure. Kwenye kompyuta kuna LMMS ya bure kwa biti, na Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, ukiipenda leseni ya mtu mdogo ni dola 60. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kutoa wimbo lakini projekti uliyoihifadhi haifunguki tena mpaka ununue, so ukiitumia maliza biti kwa mkao mmoja. Za kukrakiwa (za wizi) mara nyingi zinakuja na virusi, na laptopu ndo ofisi yako.

Kitu kinachowakatisha tamaa wengi ni sauti kuchelewa kwenye hedifoni wakati wa kurekodi. Kompyuta kwa kawaida inachukua sampo (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na inazikusanya kwenye bafa, yani sehemu ya kusubiria, kabla ya kuzituma, bafa ya sampo 1024 ni kama milisekunde 23 kwenda tu, bado kurudi, na rapa lazima atoke kwenye biti. Ishushe mpaka 128, inabaki kama 3, kisha ukianza kumiksi ipandishe tena ili mashine ipumue. Kama unatumia Windows na huna intafesi, weka ASIO4ALL, ni draiva ya kupunguza huo ucheleweshaji, ni bure.

Rekodi kwa 24-bit (hii ni setingi ya kurekodi, sio biti ya muziki), sehemu za kelele zaidi zisivuke desibeli -10 hivi kwenye mita, usiikimbilie sifuri maana ikipasuka ndo basi. Na kila ukimaliza sesheni nakili projekti nzima kwenye flashi, kabla hujazima mashine.