Kamba ya chuma chini ya State Street: kampuni ya tramu ya Chicago na kibali chake

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa uchumi wa usafiri tramu ya kebo, yaani gari la reli mtaani linalovutwa na kamba ya chuma iliyo chini ya barabara, ni ya wapi, jibu ni San Francisco, na sababu wanaijua: vilima. Wako sawa kuhusu chanzo. Andrew Hallidie aliijaribu pale, mtaa wa Clay, Agosti 1873, kwenye mteremko ambao farasi walikuwa wakianguka. Lakini mji wa Marekani uliokuja kubeba abiria wengi kuliko wote kwa kebo ni Chicago, ambako ardhi ni tambarare pande zote. Kampuni iliyoanza huko ni Chicago City Railway, na ukiifuatilia kuanzia farasi wake wa kwanza hadi siku kebo ilipozimwa, utaona vilima havikuwa na uzito mkubwa. Kilichoamua mambo kilikuwa wingi wa watu, bei ya farasi, na idadi ya miaka iliyobaki kwenye kibali cha kutumia barabara ya umma. Hilo la kibali ndilo ninalotaka kulikazia, maana wapenzi wa mitambo hulisahau.

Kampuni ilipata sheria ya kuiunda kutoka bunge la jimbo la Illinois Februari 1859. Mmoja wa waanzilishi, Franklin Parmelee, tayari alikuwa na mabasi ya kukokotwa na farasi yaliyohamisha abiria kati ya stesheni za treni na hoteli. Tarehe 25 Aprili mwaka huohuo behewa la kwanza likapita juu ya reli kwenye mtaa wa State. Faida ya reli haikuhitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kukwama kwenye tope la Chicago: gurudumu la chuma juu ya chuma halizami, na farasi yuleyule huvuta mzigo mara kadhaa ya ule anaouweza barabarani. Nauli ilikuwa senti tano.

Mji nao ulikuwa unafumuka. Wakazi walikuwa kama 112,000 mwaka 1860, wakafika 503,000 mwaka 1880, na kufikia 1890 walikuwa wamevuka milioni. Mto Chicago unaugawa mji sehemu tatu, kaskazini, magharibi na kusini, na kila sehemu ikapata kampuni yake. Chicago City Railway ilibaki na kusini. Hapo ilibahatika: kusini ndiko kulikounganika na kitovu cha biashara bila kuvuka mto. Wenzake walilazimika kusubiri kila daraja lilipofunguliwa kupisha meli, na baadaye wakapitisha magari yao kwenye mahandaki chini ya mto.

Sasa kibali. Halmashauri ya mji iliruhusu reli mitaani kwa miaka 25, na hesabu hiyo ilielekea kuisha 1883. Wenye kampuni hawakusubiri. Mwaka 1865 walipata kwenye bunge la jimbo sheria iliyoongeza muda hadi miaka 99. Gavana Richard Oglesby alikataa kuitia saini. Bunge likaipitisha bila yeye. Wananchi wa Chicago walikasirika sana, na haki yao, kwani barabara ni zao na hawakuulizwa. Lakini sheria yenyewe iliacha utata: iliongeza uhai wa kampuni kama kampuni, au iliongeza pia haki yake ya kukalia mitaa? Mahakama haikulimaliza swali hilo kwa miaka 41, na katika miaka hiyo kampuni ilizika mamilioni ardhini.

Kabla ya kufika huko, farasi. Daladala ikiegeshwa usiku hainywi mafuta. Farasi anakula usiku, anakula siku ya sikukuu, anakula akiwa mgonjwa. Farasi wa tramu aliweza kazi ya saa nne au tano tu kwa siku, kwa hiyo behewa moja lililotembea kutwa lilihitaji farasi saba, nane, hata kumi wa kupokezana. Mazizi, nyasi kavu, shayiri, viatu vya chuma, madaktari wa mifugo, watu wa kuzoa samadi: hizo zote ziliingia kwenye senti tano za abiria. Baada ya miaka minne au mitano ya kugongesha kwato juu ya mawe na kusimamisha na kuanzisha behewa zito mara mia kwa siku, mnyama alikuwa amechakaa na anauzwa kwa bei ya chini kwa wakulima. Kwa mhasibu, farasi ni mtaji unaoisha haraka. Kuna faida iliyojificha humo, nayo ni kwamba mtaji unaoisha haraka hauogopi kibali kifupi. Kampuni ikinyang'anywa mtaa, inawauza farasi na kuondoka.

Kisha ikaja homa ya 1872. Ilianzia karibu na Toronto mwanzoni mwa Oktoba, ikashuka hadi Marekani, na mwishoni mwa mwezi huo ilikuwa imefika Chicago. Farasi walikohoa, wakalegea, wakashindwa kusimama. Wengi walipona, lakini kwa siku kadhaa miji mizima ilikosa usafiri. Mahali pengine watu walifunga ng'ombe kwenye mikokoteni. Boston ilipowaka moto Novemba ile, wazima moto walizikokota pampu zao kwa mikono. Wenye kampuni za tramu kote nchini walielewa kwamba biashara yao yote ilisimama juu ya mapafu ya mnyama mmoja.

Charles B. Holmes, aliyeiongoza Chicago City Railway, alikwenda San Francisco kuziona kebo mwaka 1880. Kisichomtia mhandisi wa San Francisco wasiwasi kingeweza kuiua kebo Chicago: baridi. Mfumo ulikuwa hivi. Katikati ya njia ya reli huchimbwa mtaro, na juu yake huachwa mwanya mwembamba wa urefu wote wa mtaa. Ndani ya mtaro kamba nene ya nyuzi za chuma inazunguka bila kusimama, ikipita juu ya kapi, ikivutwa na injini ya mvuke iliyo kwenye jengo kando ya njia. Gari lina koleo linaloshuka kupitia mwanya. Dereva akivuta mkono wake wa chuma, koleo linaibana kamba na gari linaondoka nayo. Akilegeza na kufunga breki, gari linasimama na kamba inaendelea na safari yake. Gari lenyewe halina injini.

Ardhi iliyoganda hutanuka. Ikiusukuma mtaro kutoka pande mbili, mwanya unajifunga na koleo halipiti. Theluji ikiyeyuka, maji yanajaa mtaroni na kuganda tena. Kwa hiyo mtaro wa Chicago ulijengwa kwa fremu nzito za chuma ndani ya zege, na mifereji ya kutoa maji ikaunganishwa nao. Ilikuwa kazi ya gharama kubwa kupita chochote ambacho kampuni ya farasi imewahi kufanya. Tarehe 28 Januari 1882, katikati ya kipupwe, mtaa wa State ukafunguliwa kwa kebo, na kebo ikafanya kazi. Kuanzia hapo miji mingine yenye baridi na isiyo na vilima ikaanza kuiga.

Kwa nini ilipe kwenye tambarare? Sehemu kubwa ya nguvu ya injini ilikwenda kuisogeza kamba yenyewe, kilomita kwa kilomita za chuma kinachosuguana na kapi. Gharama hiyo unailipa hata kama hakuna gari hata moja njiani. Lakini ukishailipa, kuongeza gari jingine ni karibu bure: makaa kidogo zaidi, dereva mmoja, kondakta mmoja. Gari la koleo huko Chicago lilivuta mabehewa nyuma yake kama treni ndogo, tena kwa kasi iliyowashinda farasi kwa mbali mara lilipotoka katikati ya mji. Hesabu hiyo inadai jambo moja: abiria wengi mno, mtaa mmoja, kutwa nzima. Mtaa wa State na njia ya Cottage Grove iliyofuata viliwapa abiria hao. Kwenye mtaa wa pembeni wenye watu wachache kebo ingemfilisi mwenye kampuni, na ndiyo maana Chicago City Railway iliendelea kufuga farasi wa njia ndogondogo kwa miaka mingi baada ya 1882.

Udhaifu wa kebo dereva aliujua kuliko mhandisi. Uzi mmoja wa kamba ukikatika na kujisokota kwenye koleo, gari halikuweza kuachia. Lilikokotwa mbele bila breki kufua dafu, likigonga lililo mbele yake, huku watu wakikimbia kupiga simu kwenye jumba la injini wazime. Kamba ikisimama, njia nzima imesimama. Mimi humwona dereva wa koleo kuwa fundi aliyelipwa chini ya ujuzi wake.

Sasa rudini kwenye tarehe. Holmes alichimba mtaro ule ghali mwaka 1881, wakati kibali cha halmashauri kilibakiza miaka miwili. Kwa maoni yangu asingethubutu kama kampuni isingejifariji na ile sheria ya miaka 99. Mwaka 1883 meya Carter Harrison na kampuni walikwepa mgogoro: mji ulitoa miaka 20 mingine, na kila upande ukahifadhi hoja zake za kisheria. Miaka 20 ilionekana mingi.

Haikuwa mingi. Februari 1888, huko Richmond, Virginia, Frank Sprague aliendesha mtandao mzima wa tramu za umeme, karibu kilomita 19, wenye waya wa juu na mota chini ya kila gari. Waya na nguzo ziligharimu sehemu ndogo tu ya mtaro, na ziliweza kwenda hata kwenye mitaa yenye abiria wachache. Kebo ya Chicago ilikuwa na miaka sita tu. Mwaka 1892 reli ya South Side, iliyopita juu ya nguzo, ikaanza kwa injini za mvuke sambamba na mtaa wa State, ikiwachukua abiria wa safari ndefu, na mwaka uliofuata ikafika Jackson Park kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka ule wa maonyesho kebo ya Cottage Grove ilibeba umati wa kutisha, na hesabu za kampuni zilipendeza. Ulikuwa mwaka wake mzuri wa mwisho usio na mashaka.

Kampuni ilibadilisha njia zake za farasi kuwa za umeme katika miaka ya 1890, lakini kebo ikabaki katikati ya mji. Kuna wanaodhani ilikuwa ni ukaidi. Sababu kubwa ni kwamba halmashauri haikutaka waya za juu katikati ya mji, na kampuni nayo haikuwa na hamu ya kuwekeza upya huku kibali kikielekea 1903. Abiria wakaachiwa magari yaliyochakaa, yenye baridi na msongamano, na hasira hiyo ndiyo iliyompa Edward Dunne umeya mwaka 1905 kwa ahadi kwamba mji utazinunua tramu.

Machi 1906 Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa jibu: sheria ya 1865 haikuzipa kampuni haki ya mitaa kwa miaka 99. Oktoba mwaka huo kebo ya mwisho ya Chicago City Railway ikazimwa, waya za umeme zikachukua nafasi yake, na mwaka 1907 wapiga kura wakakubali mkataba mpya ambao halmashauri ilikuwa imeupitisha licha ya pingamizi la Dunne. Baada ya wenye mtaji kupata asilimia 5 ya mtaji wao, faida iliyobaki iligawanywa: asilimia 55 kwa mji, 45 kwa kampuni. Mwaka 1914 tramu zote za mji ziliwekwa chini ya uendeshaji mmoja, Chicago Surface Lines, huku kampuni zikibaki na mali zao kwenye vitabu. Mkataba wa 1907 nao ulikuwa wa miaka 20. Ulipoisha Februari 1927 hakukuwa na mwingine wa kuurithi, na magari yakaendeshwa kwa ruhusa za muda hadi mamlaka ya umma ilipoyanunua mwaka 1947.