Libero ni beki wa aina gani? Mfano wa Ronald Koeman

Libero ni neno la Kiitaliano, maana yake aliye huru. Katika soka ni beki wa nyuma kabisa ambaye hakupangiwa mtu wa kumkaba. Mabeki wenzake kila mmoja ana mshambuliaji wake na anamganda popote aendapo. Yeye anasimama nyuma yao, anasoma mchezo, na mwenzake akipitwa ndiye anayeziba pengo.

Waitaliano wa miaka ya 1960 walimtumia kama komeo la mlango. Mjerumani Franz Beckenbauer akauona upande wa pili wa uhuru huo: asiyemkaba mtu, mara nyingi naye hakabwi na mtu. Timu ikishanyang'anya mpira, libero ndiye mwenye nafasi ya kuinua kichwa, kupanda nao na kuanzisha shambulizi. Hapo ndipo kazi hii inapopata utamu wake, na ndipo ninapomkumbuka Ronald Koeman.

Koeman alizaliwa Zaandam, Uholanzi, mwaka 1963. Alianzia Groningen, akapita Ajax, kisha PSV. Hakuwa na mbio. Mshambuliaji mwepesi akishamgeuza, kumfukuza ilikuwa shida. Lakini libero anayeona hatari mapema huwa ameshafika kabla mbio hazijahitajika, na yeye aliona mapema. Halafu alikuwa na ule mguu wa kulia. Akiwa bado kwenye nusu yake, alikuwa anapiga pasi ndefu ya mshazari ikavuka vichwa vya viungo wote na kumkuta winga upande wa pili wa uwanja. Pasi moja tu, na timu pinzani nzima imeshageuzwa uso.

Mwaka 1988 alitwaa Kombe la Ulaya akiwa na PSV, walipoishinda Benfica kwa mikwaju ya penalti. Wiki chache baadaye Uholanzi ikawa bingwa wa mataifa ya Ulaya. Kwenye nusu fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi, mjini Hamburg, Waholanzi walikuwa nyuma kwa bao moja, na aliyesawazisha kwa penalti ni Koeman. Marco van Basten akamalizia.

Mwaka 1989 kocha Johan Cruyff alimpeleka Barcelona. Mara nyingi Cruyff alipanga mabeki watatu tu, Koeman katikati yao, na mbele yake kijana Pep Guardiola. Kazi ya kufagia nyuma haikuondoka, ila sasa kila shambulizi lilianzia miguuni mwake.

Tarehe 20 Mei 1992, Wembley, fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Sampdoria, matokeo ni sare tasa hadi muda wa nyongeza. Dakika ya 112 Barcelona wanapata mpira wa adhabu nje kidogo ya boksi. Stoichkov anausogeza kwa Bakero, Bakero anautuliza, na Koeman anakuja na kuuchapa huku mabeki wakimkimbilia. Kipa Pagliuca anaruka, haugusi. Hilo ndilo bao lililoipa Barcelona Kombe la Ulaya la kwanza katika historia yake, na mfungaji ni beki wa mwisho.

Alistaafu akiwa na mabao zaidi ya 200. Msimu wa 1993/94 alifunga 8 katika Ligi ya Mabingwa, akawa mmoja wa vinara wawili wa ufungaji. Wapo wanaoyashusha mabao yake kwa kuwa mengi ni penalti na mipira ya adhabu. Sikubaliani nao hata kidogo: timu haimkabidhi mtu mpira wa dakika ya 112 kwa kumpendelea.

Kwa nini basi libero wa namna hii hatumwoni tena? Sababu kubwa ni mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda kwa pamoja ili mshambuliaji aachwe nyuma yao na ahesabiwe ameotea. Timu zilipoacha kukaba mtu kwa mtu zikaanza kulinda eneo, mabeki wanne wakipanda kwa mstari mmoja, na mtu anayebaki nyuma yao anauharibu mtego wote. Sababu nyingine ilikuja majira yaleyale ya joto ya 1992, baada tu ya Wembley: kipa akakatazwa kudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Makipa wakalazimika kujifunza kucheza kwa miguu, na taratibu wakaanza wao kufagia nyuma ya mabeki.

Koeman akageukia ukocha. Ndiye aliyezichezea na kuzifundisha timu zote tatu kubwa za Uholanzi: Ajax, PSV na Feyenoord. Akiwa Southampton alimfundisha Mkenya Victor Wanyama, na Julai 2017 alikuja Dar es Salaam na Everton, wakaifunga Gor Mahia 2-1 pale Uwanja wa Taifa.

Lakini kwangu mimi kinachomrudisha kwenye mada ni Barcelona ya 2021, aliyoifundisha hadi ikatwaa Kombe la Mfalme. Katikati ya msimu alihamia mfumo wa mabeki watatu, na katika baadhi ya mechi akamtoa Frenkie de Jong kwenye kiungo akamweka katikati ya mabeki hao. De Jong alikuwa anapokea mpira kutoka kwa kipa, anainua kichwa, anatembea nao hadi mstari wa katikati bila mtu kumsogelea. Eneo ni lile lile alilokuwa akisimama Koeman mwenyewe, kwa jezi ile ile, miaka 30 kabla.