Je, wajua kwa nini pikipiki ya mbio ya kizamani huanza na fremu, si injini?

Mtu anayeamua kujijengea nyumbani pikipiki ya mbio za barabarani ya mtindo wa miaka ya 1950 na 1960, iwe Nkuhungu, Chang'ombe au Area C jijini Dodoma, huulizwa swali lile lile na kila jirani anayechungulia uani: itakuwa na nguvu za farasi ngapi? Ni swali la haki, lakini mafundi wazoefu wa kazi hii hulijibu mwisho. Kwanza hushughulikia fremu, kisha mkao wa mpandaji, kisha breki, na injini huachwa juu ya meza ikiwa imefunikwa kitambaa. Utaratibu huo una sababu za kifizikia, na kwa mkazi wa Dodoma unayo sababu ya ziada inayotokana na kimo cha jiji lenyewe.

Tuitazame injini inayopatikana kwa urahisi. Bodaboda nyingi zinazozunguka mitaani hutumia injini ya silinda moja iliyotokana na ile ya Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 124. Toleo linaloitwa 150 lina mwendo ule ule wa pistoni, ila kipenyo kimepanuliwa hadi milimita 62. Valvu zake husukumwa na fito zinazotoka kwenye kamshafti iliyo chini, mpango usiopenda mizunguko mikali sana lakini unaovumilia matunzo haba. Ikiwa nzima, injini hiyo ya 125 hutoa nguvu za farasi 11 hivi. Norton Manx ya 500, pikipiki ya mbio iliyotamba Ulaya enzi zile, ilitoa takriban 50. Hakuna tupa wala msasa utakaoziba pengo hilo, na anayedhani ataliziba atamaliza fedha zake kwenye pistoni.

Jibu la swali letu limo kwenye hewa. Pikipiki inapokimbia, adui yake mkubwa si uzito bali ni ukinzani wa hewa, na nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani huo haiongezeki sambamba na mwendo, bali huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kwa hesabu nyepesi, ukitaka kutoka kilometa 100 kwa saa hadi 110, yaani nyongeza ya asilimia 10 tu, unahitaji karibu theluthi moja zaidi ya nguvu uliyo nayo. Kuiongezea injini ya bodaboda theluthi ya nguvu ni kazi ghali, na huifupishia maisha. Lakini mpandaji akilala juu ya tangi, kidevu kikigusa bati na viwiko vikiingia ndani ya magoti, akapunguza ukinzani wa hewa kwa robo moja, atapata nyongeza ile ile ya mwendo bila kugusa bolti hata moja ya injini. Sasa, mtu hawezi kulala hivyo juu ya pikipiki ambayo fremu yake ilipangwa kwa ajili ya dereva aliyekaa wima na abiria nyuma yake. Ndipo fremu inapotangulia.

Historia inaunga mkono jambo hili. Mwaka 1950 kiwanda cha Norton cha Uingereza kilikuwa na injini ya silinda moja iliyokuwa imeanza kuzeeka, huku Gilera ya Italia ikikimbia na injini ya silinda nne. Fundi wa Ireland Kaskazini, Rex McCandless, aliwatengenezea Norton fremu mpya yenye vitanzi viwili vya mabomba, kimoja kila upande, vinavyopishana kwenye shingo, yaani bomba la mbele linaloshikilia usukani, pamoja na swingamu, yaani mikono inayobeba gurudumu la nyuma, iliyoshikwa na shokapu mbili. Mpanda mbio Harold Daniell alipoijaribu alisema ni kama kupanda kitanda cha manyoya, na jina la Featherbed likaganda hapo. Mwaka huo huo Geoff Duke alishinda nayo mbio kuu za kisiwa cha Isle of Man, na mwaka 1951 akatwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 350 na la 500 kwa pamoja. Ni kweli kwamba mwaka 1953 Duke mwenyewe alihamia Gilera na kuendelea kutwaa mataji, kwa hiyo tusidanganyane kwamba injini haina siku yake. Hata hivyo, kwa misimu kadhaa fremu nzuri iliibeba injini dhaifu, na hilo ndilo linalomhusu fundi wa nyumbani mwenye injini ya 125.

Fremu ya bodaboda inaweza kutumika kama msingi, mradi ikaguliwe kwa jicho kali, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa bei ya chuma chakavu zimewahi kuanguka au kugongwa. Keria, stendi kubwa, vishikio vya abiria na vipande vya kushikilia plastiki hukatwa na kusawazishwa kwa tupa. Panapohitaji bomba jipya, litumike bomba la feleji lisilo na mshono. Bomba la maji halifai kabisa, hata kama muuzaji ataapa. Fremu za Featherbed ziliungwa kwa shaba nyeupe ya kuchomelea kwa gesi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, wakati feleji huyeyuka karibu nyuzi 1,500, kwa hiyo bomba lenye kuta nyembamba liliunganishwa bila kuyeyushwa lenyewe. Kwa asiye na mtungi wa gesi, mashine ya kawaida ya kuchomelea itafanya kazi, ila kila kiungo kishikizwe kwanza kwa nukta ndogo ndogo pande zote kabla ya kukifunga, la sivyo joto litaivuta fremu upande mmoja.

Kipimo kinachostahili muda mwingi kuliko vyote ni unyoofu wa magurudumu, na kifaa chake ni uzi wa fundi mwashi. Pikipiki husimamishwa wima, uzi huzungushwa nyuma ya tairi la nyuma, na ncha zake mbili huvutwa mbele hadi kulipita gurudumu la mbele, moja kila upande, kwa kimo kinachokaribia ekseli. Kila ncha huletwa ndani taratibu mpaka uzi uguse tu ukingo wa mbele wa tairi la nyuma. Tairi la nyuma la 3.00 lina upana wa takriban milimita 76 na la mbele la 2.75 lina takriban milimita 70, kwa hiyo pande zote mbili za gurudumu la mbele panapaswa kubaki nafasi ya milimita 3 hivi. Ikiwa upande mmoja uzi unagusa mpira na upande wa pili pana milimita 6, kuna kitu kimepinda. Usikimbilie kuilaumu shingo. Anza na virekebisho vya cheni, kwa maana alama zilizogongwa kwenye swingamu za bei nafuu mara nyingi hazilingani. Pima kwa rula kutoka kwenye pini ya swingamu hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, kisha rudia uzi. Nafasi zikikataa kulingana hata baada ya hapo, ndipo ukague swingamu yenyewe, halafu shingo.

Shingo ina siri yake nyingine. Ukiuchora mstari unaopita katikati ya shingo ukaushusha hadi ardhini, utagusa mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga, kwa kawaida kwa sentimita 8 hadi 10. Umbali huo ndio unaolirudisha gurudumu katika mstari linapogonga kokoto. Anayefupisha shokapu za mbele ili pikipiki ionekane imeinama kwa hasira huupunguza umbali huo bila kujua, na pikipiki huanza kutikisa kichwa kwenye mwendo mkali.

Fremu ikishanyooka, mkao hujengwa juu yake. Usukani mrefu huondolewa na mahali pake huwekwa vishikio viwili vifupi vinavyovikwa moja kwa moja kwenye mirija ya shokapu za mbele. Vikanyagio hurudishwa nyuma na kupandishwa. Kiti huwa cha mtu mmoja chenye kinundu nyuma cha kumzuia asiteleze. Tangi refu hugongwa kwa bati au hufinyangwa kwa faibaglasi, likiwa na mabonde ya kupokea magoti. Wengine hutamani pia ngao kubwa iliyofunika gurudumu la mbele lote, kama zilivyokuwa za katikati ya miaka ya 1950. Shirikisho la kimataifa la pikipiki lilizipiga marufuku kuanzia msimu wa 1958 kwa kuwa zilishikwa vibaya na upepo wa pembeni, na aliyewahi kuendesha kutoka Dodoma kuelekea Manyoni katika miezi ya kiangazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Breki za enzi hizo zilikuwa za ngoma. Katika ngoma ya kawaida, kiatu kimoja cha breki huvutwa ndani zaidi na mzunguko wa gurudumu na kujikaza chenyewe, wakati cha pili husukumwa nje na kufanya kazi kidogo. Ngoma za mbio zilipewa kamu mbili, yaani vipande vinavyozunguka na kuvisukuma viatu, ili viatu vyote viwili vijikaze. Mwenye ngoma ya kamu moja aikubali kama ilivyo, aikerezee mduara wake kwa fundi wa kukereza vyuma, abadilishe viatu na waya, na kuziba kilango cha hewa kwa wavu laini, maana vumbi la hapa huigeuza ngoma kuwa msasa.

Sasa injini inaweza kufunuliwa. Dodoma iko karibu meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli nyingi kupita hewa inayoingia, na nguvu hupungua kwa njia mbili: kwa uchache wa hewa na kwa mchanganyiko mzito. Jeti kubwa, yaani kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, hupunguzwa hatua moja au mbili, kisha plagi ndiyo inayotoa hukumu. Mpandaji huvuta moto wote kwenye gia ya juu, huzima injini na kubana klachi kwa wakati mmoja, huiacha pikipiki isimame yenyewe, na kuifungua plagi pale pale. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta ni mengi. Ikiwa nyeupe yenye vijipunje, mafuta ni machache na pistoni iko hatarini. Inayotakiwa ni rangi ya chai ya maziwa. Kazi hii ifanyike kwenye uwanja uliofungwa kwa ruhusa, kwani chombo kisicho na taa, vioo wala namba hakina haki ya kuingia barabarani.

Pikipiki halisi za mbio zilivuta hewa kupitia mdomo wazi wa kabureta, bila chujio. Picha zake ni nzuri, lakini mchanga wa Dodoma utazila ringi na silinda kabla msimu haujaisha, hivyo chujio cha sponji kilichopakwa mafuta kibaki, hata kama kinaharibu sura.

Kuna faraja moja ambayo wengi hawaitarajii. Hewa nyepesi inayoinyima injini asilimia 10 ya nguvu ndiyo hiyo hiyo inayopunguza ukinzani kwa asilimia 10, na mambo hayo mawili karibu hufutana. Kwa hiyo, kabureta ikiwa imerekebishwa, mwendo wa juu kabisa wa pikipiki Dodoma haupishani sana na ule wa Dar es Salaam. Kinachopungua ni wepesi wa kuchomoka kwenye kona, na hicho hufidiwa kidogo kwa sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Tahadhari ni kwa safari ya kurudi pwani: jeti ndogo iliyoifaa Dodoma itaifanya injini ikose petroli kwenye hewa nzito ya kule, na pistoni inaweza kutoboka ndani ya dakika chache za moto wote, kwa hiyo jeti ya zamani ihifadhiwe kwenye kisanduku cha vifaa na irudishwe kabla injini haijawashwa.