Kuandikiwa tiba shufaa si kukatiwa tamaa

"Wamempeleka hospisi." Hospisi ni kituo cha tiba shufaa, lakini mtu akiandika hivyo kwenye kundi la WhatsApp la mchango, wa pili anajibu "Mungu awape nguvu", na wa tatu anauliza kamati ya mazishi itakutana lini. Ukifuatilia unakuta mgonjwa mwenyewe bado yuko kwenye kemo, zile dawa za saratani, Jumanne alikuwa kliniki, na jioni yake alikula ugali na omena akamaliza. Nimeisikia hii Nakuru, nimeisikia Kisumu, na safari hii nimechoka kunyamaza.

Tiba shufaa, ambayo wahudumu wetu wengi huiita tu paliativu, ni huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, yeye na jamaa zake: maumivu, pumzi, usingizi, hofu, mambo ya imani, hata lile swali la nani atalipa karo za watoto. Basi. Maana yake haina ugumu. Watu wanachokosea ni wakati wake.

Wengi wanaiweka mkiani mwa foleni. Kwanza upasuaji, kisha kemo, kisha mionzi, na yote yakigonga mwamba ndipo paliativu. Shirika la Afya Duniani lilisema kinyume tangu 2002: ianze mapema, iende sambamba na matibabu ya kurefusha maisha, kemo na mionzi zikiwemo. Kinachokuja mwisho ni huduma ya siku za mwisho, nayo ni kipande tu cha tiba shufaa. Sasa kipande hicho kimemeza jina lote, na mtu akisikia "paliativu" anaona jeneza.

Saratani ya mapafu ndiyo inayoumizwa zaidi na kosa hili. Huku kwetu mtu akikohoa muda mrefu hushukiwa TB kwanza, na si ajabu, maana TB ipo na dalili zinafanana: kikohozi, kukonda, jasho la usiku, damu kwenye makohozi. Wengi wanakuja kujua ni saratani ikiwa imeshasambaa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia angoje hadi mambo yashindikane ndipo atafutiwe nafuu, unamwambia akae na maumivu bure.

Mnamo 2010, Jennifer Temel na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 ambao ndio kwanza wamegunduliwa na saratani ya mapafu iliyosambaa. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida ya saratani. Kundi la pili lilipata yaleyale, pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Hawa wa pili waliishi kwa nafuu zaidi na walioonyesha dalili za sonona walikuwa wachache. Katika kundi la kwanza nusu ya watu walikuwa wamefariki ilipofika miezi 8.9, katika la pili ilikuwa miezi 11.6, ingawa walipewa matibabu makali machache zaidi siku zao za mwisho. Sidai kwamba tiba shufaa inamrefushia kila mtu umri, na si kila utafiti uliofuata uliopata tofauti hiyo ya miezi. Lakini anayesema kumwona daktari wa paliativu ni kutia sahihi kifo chako, hana pa kushikia.

Tena mengi ya yanayoitwa "matibabu kamili" ni kazi hiyohiyo. Maji yakijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, yakatolewa, na mtu akaweza tena kulala chali, hiyo ni tiba shufaa. Mionzi inayopigwa mara moja kwenye mfupa uliovamiwa na saratani ili maumivu yapungue, hiyo pia.

Halafu kuna morfini, na hapo ndipo minong'ono inapozidi. Morfini ya kunywa ni dawa ya maji, chungu, inayopimwa kwa sirinji isiyo na sindano, kila baada ya saa nne. Usisubiri maumivu yarudi ndipo umpe; unampa kwa saa. Ya kulalia mara nyingi huwa maradufu ili watu wote nyumbani wapate usingizi. Nesi anayejua kazi hakukabidhi chupa bila dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga choo, na tumbo lililofunga linaweza kumtesa mgonjwa kuliko kifua chenyewe. Kwa kipimo kidogo hupunguza pia ile hali ya kuhema mtu akiwa ameketi tu. Wapo wanaoitumia miezi mingi. Kipimo hupanda maumivu yakipanda, na mionzi ikituliza mfupa, hushushwa.

Na hospisi yenyewe? Watu wanafikiria wodi yenye mapazia. Nairobi Hospice ilianza 1990, na leo Nakuru, Kisumu na Eldoret zina hospisi zao. Nyingi nchini hazilazi wagonjwa. Unaenda mchana, unaonwa, unapewa dawa, unarudi kwako. Aliyezidiwa hufuatwa nyumbani. Zipo zenye vitanda, kama Kimbilio kule Kipkaren, lakini ni chache. Kwa hiyo mtu wa Kisumu anaweza kuwa anapigwa kemo Russia, kama wenyeji wanavyoiita hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, na wiki hiyohiyo akawa na miadi hospisi. Hakuna aliyempeleka popote. Alipanda matatu akaenda, akapanda nyingine akarudi.

Lawama si za wanakikundi peke yao. Wapo madaktari wanaofunga faili na kuiambia familia, "Hakuna la kufanya tena, nendeni paliativu." Familia ikisikia hivyo, itaelewa nini kingine?

Basi, wenzangu, mkiandika kwenye kundi, msiandike "amepelekwa". Andikeni "ameongezewa tiba shufaa". Na kama hamna hakika, mwulizeni daktari kama kemo inaendelea kabla ya kuuliza kamati itakutana lini.